Kisigino Kwanza, Shikamoo Baadaye

Kiatu kinachong'ang'ania pedeli si kiatu, ni mtego. Nilisema hivyo siku ya kwanza nilipokiona, na leo bado nasema, ingawa nimekivaa na kukiendeshea mpaka nikakiweza. Ninyi mnaoanza ufundi baiskeli hapa Ifakara, na ninyi mliouruka mkakimbilia bodaboda, nawaandikia haya kwa sababu mnaamini vitu haraka mno. Kitu kikiwa kinang'aa, mnakiamini. Mtu akiwa na maneno matamu, mnamwamini. Mimi darasani nilikaa kidogo sana, mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo msinitafutie makosa ya mwandiko. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma imetoka kwenye spoku. Hakuna aliyenipa.

Kazi yetu inaanza na kutoamini. Mtu akikuletea baiskeli, usimsikilize yeye kwanza. Inua gurudumu la mbele kiasi cha kiganja, liachie lidondoke. Baiskeli iliyokazwa vizuri inatoa sauti moja fupi. Ukisikia sauti nyingine nyuma ya ile ya kwanza, kuna kitu kimelegea, na kitafute hicho kabla ya kile alichokutajia mwenyewe. Atakuambia cheni, kumbe ugonjwa uko kwenye gololi. Atakuambia imepinda yenyewe tu ikiwa imeegeshwa ukutani. Rimu haipindi ikiwa ukutani, kijana wangu. Kuna mtu kaipandia, tena si mmoja, na mmoja wao ndiye huyo anayekueleza.

Angalia na siti. Siti haijui kusema uongo. Siku moja alikuja mtu mfupi na baiskeli ambayo siti yake imepandishwa juu kabisa. Nikamuuliza ni ya nani, akasema, "Yangu." Nikamtazama miguu. Nikafungua gurudumu la nyuma, nikaliweka ndani, nikamwambia akirudi na balozi wa nyumba kumi nitalifunga. Alirudi na mkewe. Mwanamke mmoja mrefu wa kule Mofu, aliinama kuingia kwenye kibanda changu. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Fundi, mke mrefu ni wizi?" Gurudumu nililifunga bila kuinua uso. Lakini siti sikuacha kuiangalia. Nimekosea kwa huyo, kwa wengine nimepatia, na kuna wengine hawakurudi hata na balozi.

Sasa nirudi kwenye viatu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gaudensi, Mpogoro wa maneno machache, aliyeweza kunyoosha rimu kwa kuisikiliza. Msimu wa mavuno kibanda kilikuwa hakina watu, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tunakwenda kusomba mpunga Mofu kuuleta mashineni hapa mjini. Barabara za bondeni mnazijua. Udongo mweusi ukilowa unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Ndiyo maana wasombaji wote wa zamani walivua madigadi, na kila mmoja alikuwa na kijiti kiunoni cha kukwangulia tope. Pedeli nazo zilikuwa zikishaliwa mpira zinabaki chuma kitupu, na mguu mtupu wenye tope juu ya chuma hautulii. Unateleza, chuma kinakuchuna mfupa wa mbele. Makovu yangu yapo, njooni myaone.

Mzee Gaudensi akabuni kitu. Akakata utepe wa tyubu kuukuu, akaufunga juu ya pedeli kama kitanzi, mguu ukapita ndani. Mguu haukuteleza tena. Wenzetu waliona, wakaiga. Mimi pia nilikata wa kwangu, nikawa nimeuweka mfukoni, bado sijaufunga. Kitu fulani kilikuwa kinaniambia ngoja.

Tulikuwa tunapita juu ya tuta la mfereji, yeye mbele. Sisi wasombaji tuna desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika: mzigo ukianza kwenda, uache uende, wewe ruka. Mpunga utauchota. Gurudumu lake la nyuma likateleza, gunia likaanza kwenda, naye akataka kuruka. Mguu mmoja uliruka. Wa pili ulibaki kwenye kitanzi. Baiskeli, gunia na Mzee Gaudensi vyote vikaingia mfereji, yeye akiwa chini, maji yakimfika masikioni. Nilimshika kichwa kwa mkono mmoja ili asinywe maji, mkono wa pili ukatafuta kisu. Nilipoukata ule utepe, goti lilikuwa limeshageuka. Alikaa pale kwenye tope, akautazama mguu wake, akasema, "Odilo, mguu ni wangu, pedeli ni ya dukani. Nani alinituma nivifunge pamoja?"

Alitembea kwa kuchechemea mpaka anakufa. Utepe wangu niliutupa mtoni.

Basi mnaelewa. Miaka imepita, kibanda nimekiacha kwa sababu mikono imeanza kutetemeka, nimekaa kwangu barazani, anakuja Veronika na viatu mkononi. Veronika ni mtoto wa binti yangu Agnesi. Anasomba samaki wakavu wa mama yake kutoka Mofu kwa baiskeli, na anawapita vijana wa kiume keria ikiwa imejaa. Kuna kocha wa mbio za baiskeli alikuja kutoka Morogoro kutafuta waendeshaji, akamwona barabarani, akamfuata mpaka sokoni, akampa baiskeli nyembamba ya mashindano ajaribu, na hivyo viatu. Akifaa, atamchukua kambini pamoja na mabinti wengine aliowapata. Agnesi alisema yeye hasemi ndiyo wala hapana, Babu ndiye atasema.

Nikakigeuza kiatu. Chini ya soli kimefungwa kibati kwa skrubu. Pedeli yenyewe haina hata mahali pa kukanyaga, imepanua kinywa kama kambale. Unakanyaga, kambale anauma kibati, tak, mguu na baiskeli vimekuwa kitu kimoja. Ule ulikuwa utepe wa Mzee Gaudensi, ila umetengenezwa kiwandani.

Kocha mwenyewe alikuja kesho yake. Idrisa jina lake, mtu wa makamo, kakonda kama spoku. Alivua kofia akiwa bado yuko mbali.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Mzee wako yuko kwenu. Mimi ni mzee wa hapa."

Akakaa. Mimi mtu akinipa heshima nyingi kabla sijamfanyia lolote, najiuliza anataka kuniuzia nini. Nikamuuliza anayetoa viatu bure anautafutia nini mguu wa mjukuu wangu. Akasema anatafuta miguu yenye nguvu, basi. Nikamuuliza hao mabinti kambini wanalala wapi, nani anawapikia. Akasema mke wake ndiye anakaa nao. Nikamwambia ampigie simu nizungumze naye, sasa hivi, hapa hapa. Akapiga. Nikamuuliza yule mama mumewe ni mtu wa namna gani. Akasema, "Baba, huyo baiskeli anailaza ndani, mimi nikichelewa ananifungia nje." Hiyo sikuitegemea. Mke anayemsifu mumewe kwa mgeni kwenye simu ningemtilia shaka. Huyu nilimwelewa.

Lakini viatu bado.

"Vinafunguka mzee," Idrisa akasema. "Unapeleka kisigino nje, kinaachia."

"Na visipoachia?"

"Unaanguka."

Alijibu hivyo hivyo, bila kunizungusha. Nikamwambia apandishe suruali. Akashangaa, akapandisha. Magoti yote yalikuwa na makovu, mapya kwa ya zamani, na kiwiko hivyo hivyo. Nikaridhika kidogo. Mwalimu asiye na kovu anakufundisha alichosikia. Hata hivyo nikamwambia kitu kisichopita mguuni kwangu hakipandi mguuni kwa mjukuu wangu. Siku atakayokuja na gari kuwachukua, nitakuwa na jibu. Kabla ya hapo nakitaka kiatu, cha mguu wangu.

Vya kwake ndivyo vilinitosha. Akafungua pedeli za baiskeli aliyokuja nayo akazifunga kwenye baiskeli yangu nyeusi ya kazi. Nilikaa nikimtazama kama ataifungua ya kushoto kwa upande wake, maana ya kushoto inakaza kinyume, na wasiojua wanaiharibu mwanzoni kabisa. Alijua.

Sikieni sasa namna ya kujifunza, kwa sababu iko siku na ninyi mtaletewa. Usianzie barabarani. Mimi nilishika nguzo ya baraza. Nikafunga mguu mmoja tu, nikaufungua, nikaufunga, nikaufungua, mpaka kisigino kikazoea kwenda nje bila kuambiwa. Halafu wa pili. Kuna skrubu ndogo kwenye pedeli inayopunguza nguvu ya kuuma. Ilegeze mpaka mwisho, usione aibu. Na usikivute kiatu juu. Akili ya kila mtu ni kuvuta juu, kama unavyochomoa mguu kwenye tope, na ukivuta juu kambale anazidi kung'ang'ania. Ni pembeni. Veronika alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, ananitazama.

"Babu, hiyo nguzo imekwambia inataka kwenda wapi?"

"Chambua mchele, nisije nikatafuna mawe."

"Wewe hata kitanda unakikagua kabla ya kulala."

Ni kweli nakikagua. Aliwahi kulala nyoka.

Nilipoona nimeiweza nguzo, nikatoka barabarani asubuhi. Nikaenda vizuri. Niseme ukweli, vile viatu vina utamu wake: mguu unaopanda nao unafanya kazi, baiskeli inakwenda kama imepunguziwa mzigo. Hapo ndipo nilipozidi kushuka moyo. Utepe wa Mzee Gaudensi nao ulikuwa mtamu.

Nikafika karibu na mashine ya kukoboa, pale wanapoanika mpunga juu ya maturubai mpaka kwenye ukingo wa lami. Vijana wa bodaboda wamejipanga kama kawaida yao. Mmoja ambaye baba yake nilimfungia baiskeli ya kwanza akasema, "Shikamoo fundi."

Mnajua hapa kwetu. Mtu akikusalimia humjibu ukiwa unapita kama mbuzi anayefukuzwa. Unasimama, unatua mguu, unaitikia, unauliza nyumbani. Hilo halipiti kichwani, linafanywa na mwili. Basi mwili ukafanya. Nikakamata breki, nikasimama, nikageuza uso kumwangalia kijana, nikashusha mguu, na mguu haukushuka. Nikabaki nimesimama pale juu ya magurudumu mawili kwa muda ambao niliona watu wote na sura zao. Halafu nikalala polepole upande wa kulia, juu ya mpunga, baiskeli ikiwa bado miguuni.

Nikaitikia nikiwa chini. "Marahaba."

Mama Salama, mwenye mpunga, alikuja na ungo wake, akasimama juu yangu, akasema, "Fundi, kupepeta hakufanywi hivyo." Bodaboda mmoja akasema baiskeli imemng'ata babu. Walicheka mpaka abiria waliokuwa wanawangoja wakachukua bajaji. Mimi nilipeleka kisigino nje, kambale akaachia kwa upole kabisa, kama anasema ungeniambia mapema. Nikajipangusa, nikaanza kufikiri. Kiatu hakikuwa kimegoma. Nilikuwa sijakiomba. Salamu ndiyo iliyoniangusha.

Haikupita siku nyingi Veronika akarudi na kiwiko kimechubuka. Akasema ameteleza kwenye mchanga. Nikamwambia anionyeshe viganja. Vilikuwa safi. Mtu akiteleza akiwa mwendoni anatanguliza mikono, viganja vinaliwa. Ukianguka umesimama, unaangukia kiwiko na nyonga, kama gogo.

"Nani alikusalimia?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Mimi ndiye nilimsalimia. Alikuwa mzee na fimbo yake anavuka. Nikapunguza mwendo nimpe shikamoo, nikaona hainogi nikimpita, nikasimama."

Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Kila akikutana na mzee ananyoosha shingo, anapunguza mwendo, anayumba. Idrisa alikuwa ameshawakataza. Aliwaambia ukiwa mazoezini usimsalimie mtu, hata awe nani, macho mbele. Niliposikia hivyo nikamwita. Nikamwambia hapa hatujamlea mtoto aje kuwapita wazee kama mbwa aliyeiba mfupa. Akasema mzee, malori hayajui salamu, mtoto akiyumba mbele ya lori kwa ajili ya shikamoo utanilaumu mimi. Na hapo alikuwa na haki, na ndicho kilichoniuma. Kama atasalimia, huenda nikampoteza barabarani. Kama hatasalimia, nimempoteza vilevile, atarudi kwangu mtu mwingine. Nilikaa na jambo hilo, usingizi ukawa wa kuibia. Agnesi alikuwa ananipakulia ugali haniulizi, na binti yangu asipouliza ndiyo anauliza.

Mwishowe nililiendea kama ninavyoiendea baiskeli. Kipi kinatangulia kipi? Mwili wake ulikuwa unatanguliza mdomo, halafu breki, halafu mguu. Nikasema tuugeuze. Ukiona mvi kwa mbali, kabla hujapunguza mwendo, kabla hujafungua mdomo, kisigino nje. Mguu ukiwa huru, salimia, simama, uliza mpaka habari za kuku. Kama lori lipo nyuma, basi mguu huru, mkono juu, kichwa chini, unapita. Mzee mwenye akili ataona umempa heshima yake. Kisigino kwanza, shikamoo baadaye. Idrisa akakuna kichwa, akasema hilo hawezi kulikataa.

Nikatoa kigoda changu nikakiweka kando ya barabara mbele ya nyumba. Kila Veronika alipopita, akienda mazoezini upande wa Mkula au akirudi, alinikuta nimekaa pale na kofia yangu. Nilikuwa namtazama kidogo, zaidi nasikiliza. Pedeli ikiachia inatoa sauti. Nikisikia tak, halafu shikamoo, naitikia. Nikisikia shikamoo kabla ya tak, siitikii. Namwonyesha kwa kidole alikotoka, anarudi mpaka kwenye kona aanze upya. Majirani walidhani tumegombana. Mwanamke mmoja alimwambia Agnesi baba yako anamnyima mtoto marahaba, amefanya nini huyo mtoto.

Nilimtega pia. Nilijificha nyuma ya ukuta wa jirani nikatokea ghafla. Nilimtuma Mama Salama amwite kwa jina kutoka upande asioutarajia. Mara ya kwanza aliangukia kwenye majani. Baadaye hakuanguka tena, nami nikazidi kushuku, maana mtu aliyeacha kuanguka ndiye anayeacha kuangalia.

Asubuhi ya gari kuja nilikuwa nimeamka mapema, nimechukua viatu vyake, nimekaza skrubu zote kwa spana yangu ya L. Hili lishikeni kuliko yote: skrubu za kibati zikilegea, unapeleka kisigino nje lakini kibati kinazunguka chini ya soli, na kambale haachii. Unadhani umejifungua, kumbe unazunguka tu. Mguu mzima unazunguka ndani ya kitanzi. Kwa hiyo kaza, na ukishakaza, kaza.

Veronika alitoka kuzungusha miguu kidogo, akarudi. Tak. "Shikamoo babu." Nikaitikia. Gari la Idrisa lilikuwa limeshafika, wenzake wamo ndani. Agnesi amesimama mlangoni na kitenge chake, ananitazama mimi, si gari. Nilikuwa bado sina jibu. Nawaambieni kweli, nilikuwa naona mfereji.

Alikuwa amevivua viatu barazani asafiri na ndala; nikaviokota nikampa, nikamwambia nimeshavikaza alfajiri. Akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu akachuchumaa, akavigeuza, akaingiza mkono kwenye kopo langu la vifaa akatoa spana ya L.

"Nimekwambia nimekaza."

"Nimesikia babu."

"Unanikagua mimi?"

"Mikono yako inatetemeka siku hizi," akasema, wala hakuinua macho. "Mguu ni wangu."

Idrisa aligeuka upande, nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Veronika akapita skrubu moja moja. Zilikuwa ngumu. Alipofika ya mwisho kwenye kiatu cha kushoto, spana ilizunguka. Kidogo tu, lakini ilizunguka. Akaikaza, akakigonga kiatu chini, akasikiliza.

Nilimgeukia Agnesi nikamwambia amfungie mtoto samaki wa njiani.

Spana nilimwambia aende nayo. Idrisa alisema anazo za kwake kule kambini, nzuri, mpya. Hizo mimi sijaziona.